Kupachika Patisheni Bila Kuwa root

Andika `mount /dev/sdb1 /mnt` kwenye terminali ya Linux ukiwa mtumiaji wa kawaida, na jibu litakuja papo hapo:

    mount: /mnt: must be superuser to use mount.

Matoleo ya zamani yalikuwa makavu zaidi: `only root can do that`. Ujumbe ni uleule, kwamba kazi hii ni ya msimamizi. Hapo wengi hutanguliza `sudo`, wanaingiza nenosiri, diski inapachikwa, kisha wanagundua kuwa hawawezi kuhifadhi hata faili moja ndani yake. Wanatia `sudo` kwenye `cp`. Wanaitia tena kwenye `mkdir`. Mwishowe mtu anapiga `chmod -R 777` kwa hasira, na diski nzima inabaki wazi kwa kila anayepita.

Hakuna haja ya kuishi hivyo. Linux ina njia kadhaa halali za kumruhusu mtumiaji wa kawaida apachike diski zake, na karibu zote ni uamuzi ambao msimamizi anaufanya mara moja, akaandika mstari mmoja au miwili, yakaisha. Kinachowachanganya watu ni kwamba maswali matatu tofauti huulizwa kana kwamba ni moja: nani anaruhusiwa kupachika, faili zilizomo zitahesabiwa kuwa za nani, na nani anaruhusiwa kupachua. Anayelalamika kwamba Linux inamkatalia kupachika, mara nyingi tatizo lake ni hilo la pili, na `sudo` hailitatui bali inaliongeza.

Kwa nini kerneli inakataa

Kupachika ni kuiambia kerneli kwamba kuanzia sasa vilivyomo kwenye patisheni hii vionekane ndani ya folda hii. Folda yoyote ile. Anayeweza kufanya hivyo bila mipaka anaweza kupachika flashi yake juu ya `/etc`, na kuanzia hapo mfumo mzima utasoma orodha ya watumiaji na manenosiri aliyoiandika yeye. Wala si lazima aende mbali hivyo. Anaweza kuandaa flashi ya ext4 kwenye kompyuta yake ya nyumbani, ambako yeye ndiye root, akaweka humo programu inayomilikiwa na root yenye alama ya setuid, yaani inayoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili, kisha akaja nayo kwenye kompyuta ya ofisi. Flashi hiyo ikipachikwa bila tahadhari, akiiendesha programu ile amekuwa root wa ofisi.

Ndiyo maana kila njia halali huambatana na `nosuid` na `nodev`. Chaguo la kwanza linaifanya kerneli ipuuze alama za setuid zilizomo kwenye diski hiyo. La pili linazuia kufunguliwa kwa faili za vifaa, ambazo mtu angeweza kuzitengeneza makusudi ili asome diski nyingine kwa mlango wa nyuma. Ukikuta maelekezo yanayokutaka uyaondoe mawili haya ili mambo yaende, acha kuyasoma.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Juni 2025 kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2025-6019, uliokuwa ndani ya libblockdev, maktaba inayotumiwa na huduma ya udisks. Mtumiaji alipoomba mfumo wa faili wa XFS ubadilishwe ukubwa, maktaba hiyo iliupachika kwa muda mfupi bila `nosuid` wala `nodev`. Muda huo mfupi ulitosha: aliyeandaa taswira ya diski yenye programu ya setuid aliweza kujipatia mamlaka ya root. Marekebisho yalitolewa. Kama hujasasisha mfumo wako tangu wakati huo, anza na hilo kabla ya kuendelea na mwongozo huu.

Flashi na diski za nje

Kompyuta yenye eneokazi la GNOME au KDE huwa tayari ina jibu. Unachomeka flashi, ikoni inajitokeza, unaibofya, faili zinafunguka, na hakuna aliyekuuliza nenosiri. Kazi hiyo inafanywa na udisks, na unaweza kuiomba huduma hiyohiyo kutoka terminali. Kwanza itambue patisheni yako:

    lsblk -f

Amri hii huonyesha kila diski na patisheni zake, aina ya mfumo wa faili, lebo, UUID, na mahali ilipopachikwa kama imeshapachikwa. Isome kwa utulivu. Jina kama `/dev/sdb1` hugawiwa kwa mpangilio ambao vifaa vimeonekana, kwa hiyo leo flashi inaweza kuwa `sdb` na kesho, kukiwa na diski nyingine ya nje, ikawa `sdc`. Ukishaijua:

    udisksctl mount -b /dev/sdb1

Kwenye Fedora na Arch patisheni itatokea ndani ya `/run/media/asha/`, ikifuatwa na lebo ya diski. Kwenye Debian na Ubuntu ni ndani ya `/media/asha/`. Badala ya `asha` litakuwepo jina lako. Folda hiyo imefungwa kwa ajili yako peke yako: mwenzako mwenye akaunti nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo hataweza kuingia. Mara nyingi hilo ndilo unalolitaka. Siku usipolitaka, tumia fstab, ambayo tutaifikia punde.

Kama flashi ni ya mtu na unataka kuisoma tu, ongeza `-o ro`. Kama patisheni imefungwa kwa usimbaji wa LUKS, tanguliza `udisksctl unlock -b /dev/sdb1`, toa nenosiri la diski, kisha pachika kifaa cha `/dev/dm-` ambacho amri hiyo itakutajia. Hata faili ya ISO inapachikika bila kuwa root:

    udisksctl loop-setup -r -f mfumo.iso

Utapewa jina la kifaa, tuseme `/dev/loop0`, na ukipachike kama flashi yoyote.

Jinsi udisks inavyofanya kazi inaeleza pia ni lini itagoma. Huduma yenyewe inaendeshwa na root. Wewe unaipelekea ombi tu, nayo inaiuliza polkit, huduma ya mfumo inayoamua ruhusa, kama mtu huyu, kwa kifaa hiki, aruhusiwe. Kwa kawaida polkit hukubali bila maswali mambo mawili yakitimia: umeketi mbele ya kompyuta yenyewe, na kifaa ni cha kuchomeka na kuchomoa. Aliyeingia kwa SSH hajaketi hapo, kwa hiyo ataombwa nenosiri la msimamizi au atakataliwa moja kwa moja. Patisheni iliyo kwenye diski ya ndani nayo huhesabiwa kuwa mali ya mfumo, na ndiyo sababu ukibofya ile patisheni ya Windows kwenye kompyuta yenye mifumo miwili unaletewa dirisha la nenosiri, ilhali flashi haikukuuliza kitu.

Unaweza kuibadili sheria hiyo. Tuseme ofisini mna kundi liitwalo `ofisi`, na msimamizi ameamua kwamba wote waliomo waruhusiwe kupachika patisheni za ndani. Atengeneze faili `/etc/polkit-1/rules.d/50-pachika.rules` yenye maneno haya:

    polkit.addRule(function(action, subject) {
        if (action.id == "org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-system" &&
            subject.local && subject.active &&
            subject.isInGroup("ofisi")) {
            return polkit.Result.YES;
        }
    });

Zile `local` na `active` zisiachwe: ndizo zinazohakikisha kwamba ruhusa ni ya aliyepo hapo kwenye kiti. Kumwingiza mtu kundini ni `sudo usermod -aG ofisi asha`, na hiyo `-a` nayo isisahaulike, maana bila hiyo Asha atatolewa katika makundi yake mengine yote ya ziada, pengine hata lile linalompa `sudo`. Kisha atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya. Uanachama mpya hausomwi katikati ya kikao.

fstab, kwa diski inayokaa

Seva nyingi hazina haja ya udisks. Huko, na popote ambapo diski ni ya kudumu na mahali pake panajulikana, mahali pa kuandika uamuzi ni `/etc/fstab`. Amri ya `mount` ina alama ya setuid, yaani yenyewe huendeshwa kwa mamlaka ya root hata ukiwa wewe ndiye uliyeiita. Ikiona kwamba si root aliyeiita, inasoma fstab na kuuliza: je, msimamizi amemruhusu mtu huyu kupachika kitu hiki mahali hapa? Kama ndiyo, inapachika. Kama hapana, unapata ule ujumbe wa mwanzo.

Mstari mmoja wa fstab una sehemu sita: kifaa, folda ya kupachikia, aina ya mfumo wa faili, machaguo, na namba mbili za mwisho. Ya kwanza kati ya hizo mbili ni ya programu ya zamani ya nakala rudufu, iache 0. Ya pili ni zamu ya kukaguliwa wakati kompyuta inawaka: 1 ni ya patisheni kuu, 2 ni ya nyingine, 0 ni kutokaguliwa. Mfano:

    UUID=3f1c9a52-7d0e-4b7a-9c55-0a6be2d4f871  /mnt/data  ext4  noauto,user,nofail  0  0

UUID yako utaipata kwa `lsblk -f` au `sudo blkid`. Itumie hiyo, usiandike `/dev/sdb1`, kwa sababu ileile ya majina yanayohamahama. Kama jina la folda lina nafasi, andika `\040` mahali pa nafasi hiyo, ingawa ushauri bora ni kutoweka nafasi kabisa. Tengeneza folda kwa `sudo mkdir -p /mnt/data`, kisha ukague ulichoandika:

    sudo findmnt --verify
    sudo systemctl daemon-reload

Baada ya hapo Asha, bila `sudo`, anaandika tu `mount /mnt/data`. Ataje folda peke yake au kifaa peke yake, na asiongeze `-o` na machaguo yake mwenyewe. Machaguo ni ya msimamizi na yamekwisha kuandikwa. Akiongeza, atakataliwa, na wengi hudhani kwamba fstab yao ina kosa wakati kosa liko kwenye amri.

Neno `user` lina ndugu watatu. Kwa `user`, yeyote anaweza kupachika, lakini wa kupachua ni yuleyule aliyepachika, au root. Jina lake huwekwa kwenye kumbukumbu hadi diski itoke. Kwa `users`, yeyote anapachika na yeyote anapachua, hata kama mwenzake ndiye aliyeanza. Kwa `owner`, ruhusa ni ya mwenye faili ya kifaa, na kwa `group` ni ya aliye katika kundi la faili hiyo. Nyumbani `users` inatosha. Kwenye kompyuta ya watu wengi chagua `user`, maana hakuna jambo la kuudhi kama kupachuliwa diski katikati ya kazi na mtu aliyeona haina kazi.

Kuna jambo lililojificha hapa linalowapotezea watu saa nyingi. `user` na `users` huleta pamoja nazo `noexec`, `nosuid` na `nodev`, hata usipoziandika. Hizo mbili za mwisho ni heri. Ile `noexec` ndiyo inayosumbua: hakuna programu wala skripti itakayoendeshwa moja kwa moja kutoka diski hiyo. Mtu anahamishia michezo yake ya Steam kwenye patisheni mpya, kila kitu kinaonekana kipo, na hakuna mchezo unaofunguka. Tiba ni kuandika `exec` baada ya `user`, yaani `noauto,user,exec,nofail`. Mpangilio una maana, kwa sababu neno la baadaye hulitengua lililotangulia. Ukiandika `exec,user`, `user` itairudisha `noexec` na utabaki palepale.

Kuhusu `noauto`: inaiambia kompyuta isipachike patisheni hii wakati wa kuwaka, ingoje kuombwa. Swali ni kama kweli unahitaji kungoja. Kama diski iko ndani ya kompyuta siku zote na wewe huitumia kila siku, iondoe `noauto`, iondoe na `user`, uiache kompyuta iipachike yenyewe inapowaka. Watu wengi wanaouliza namna ya kupachika bila root wangehudumiwa vizuri zaidi kama hakuna mtu anayepachika kabisa. Na kama hutaki diski iwe imepachikwa muda wote, machaguo `noauto,x-systemd.automount,x-systemd.idle-timeout=300` yataifanya ipachikwe pale mtu anapoingia kwenye folda na kupachuliwa ikikaa dakika 5 bila kuguswa. Mtumiaji haandiki amri yoyote.

Faili ni za nani

Hapa ndipo penye kesi nyingi. Kupachika kumefaulu, `ls` inaonyesha faili, na bado unaambiwa `Permission denied` unapojaribu kuhifadhi. Jibu linategemea aina ya mfumo wa faili.

Ext4, XFS na Btrfs hutunza mwenyewe wa kila faili ndani ya diski. Haijalishi nani amepachika. Patisheni ya ext4 iliyotengenezwa sasa hivi ina folda moja kuu, na mwenye folda hiyo ni root, kwa hiyo Asha ataipachika kwa uhuru na atashindwa kuandika hata herufi. Dawa ni moja na hufanywa mara moja, baada ya patisheni kupachikwa:

    sudo chown asha:asha /mnt/data

Nasisitiza baada. Ukiifanya kabla, umebadilisha mwenye ile folda tupu iliyo chini, na patisheni itakapopachikwa juu yake itakuja na mwenyewe yuleyule, root. Hakuna haja ya `-R` kwenye patisheni mpya, na kwenye ya zamani ifikirie mara mbili.

Kama diski ni ya kundi zima, lipe kundi badala ya mtu:

    sudo chgrp ofisi /mnt/data
    sudo chmod 2775 /mnt/data
    sudo setfacl -d -m g:ofisi:rwX /mnt/data

Ile 2 ya mbele inafanya kila faili na folda mpya irithi kundi la `ofisi`. Mstari wa mwisho unahakikisha kwamba wenzake Asha wanaweza kuhariri alichokiunda yeye. Bila huo, mipangilio ya kawaida ya mifumo mingi ingewaruhusu kusoma tu.

Diski za aina hii zina tabia nyingine inayoshangaza. Kinachoandikwa humo ni namba ya mtumiaji, jina halimo. Mtumiaji wa kwanza kwenye Debian, Ubuntu, Fedora na Arch hupewa namba 1000. Asha akiwa 1000 kwenye kompyuta yake, akaipeleka diski kwa Juma ambaye naye ni 1000 kwake, Juma ataziona faili zote kuwa zake. Wakikutana kwenye kompyuta ya tatu ambako 1000 ni mtu mwingine, huyo ndiye mwenye mali. Kwa hiyo ruhusa za ext4 hazilindi siri kwenye diski inayosafiri. Anayetaka siri atumie LUKS.

FAT na exFAT, ambazo ndizo za flashi nyingi, hazina kabisa habari ya mwenye faili. Kerneli inalazimika kubuni mwenyewe, na inambuni wakati wa kupachika. Ndiyo maana `chown` kwenye flashi ya FAT hukataliwa hata ukiwa root: hakuna mahali pa kuandika jibu. Mwenyewe atajwe kwenye machaguo:

    UUID=1A2B-3C4D  /mnt/flashi  vfat  noauto,users,uid=1000,gid=1000,dmask=022,fmask=133  0  0

`uid` na `gid` ni namba zako, utakazozipata kwa amri ya `id`. `dmask` na `fmask` ni ruhusa zinazoondolewa, za folda na za faili. 022 inawaondolea wengine ruhusa ya kuandika, na 133 inaondoa pia alama ya programu kwenye faili, ili picha na barua zako zisionekane zote kama programu za kuendeshwa. Ukipitia udisks huhitaji kuyafanya haya. Inakutaja wewe kama mwenyewe bila kuambiwa.

Patisheni ya Windows

NTFS inastahili tahadhari yake. Kuna draiva mbili: ntfs-3g, inayofanya kazi kupitia FUSE, ambayo tutaifikia punde, na ntfs3, iliyoandikwa na kampuni ya Paragon na kuingizwa kwenye kerneli toleo 5.15 mwaka 2021. Ukiandika `user` kwenye mstari wa ntfs-3g, mara nyingi haitafaulu, kwa sababu programu hiyo inahitaji kuwa na alama ya setuid ili mtumiaji wa kawaida aitumie hivyo, na mifumo mingi haiipi. Usiipe wewe. Pachika patisheni wakati wa kuwaka na utaje mwenyewe:

    UUID=5E3A9C1B3A9BF0D2  /mnt/windows  ntfs3  uid=1000,gid=1000,umask=022,nofail  0  0

Kama inakataa kupachikwa, au inapachikwa kwa kusomwa tu, mtuhumiwa wa kwanza ni Windows yenyewe. Ikizimwa kwa njia ya kawaida haizimiki kabisa. Inahifadhi hali yake ili iwake haraka, na patisheni inabaki kana kwamba bado inatumika. Umeme kukatika ghafla nako huacha alama ya namna hiyo. Rudi Windows, fungua terminali ya msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha zima upya. Draiva ya ntfs3 ina chaguo la `force`, na liko hapo kwa ajili ya watu wenye nakala rudufu.

Njia za mkato za kuepuka

Utashauriwa uingie kwenye kundi la `disk`. Ni kweli kwamba wanachama wake husoma na kuandika faili za vifaa moja kwa moja. Ni kweli pia kwamba kundi hilo halikupi ruhusa ya kupachika hata kidogo, kwa sababu kupachika hakupimwi kwa ruhusa ya kifaa. Unachopata ni uwezo wa kusoma na kubadili kila kilichomo kwenye diski ya mfumo kwa chombo kama `debugfs`, pamoja na `/etc/shadow`, bila ruhusa za faili kuulizwa. Ni kumkabidhi mgeni aliyeomba kuchukua jembe stoo funguo za nyumba nzima, na jembe lenyewe halipati.

Njia ya pili ni `sudo` bila nenosiri. Ikiandikwa kwa amri kamili haina ubaya:

    asha ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/mount /mnt/data, /usr/bin/umount /mnt/data

Iandike kwa `sudo visudo -f /etc/sudoers.d/data`, ili kosa la tahajia lisikufungie `sudo` nzima. Ubaya unaanza mtu anapoacha `/usr/bin/mount` peke yake au kuweka nyota mwishoni. Anayeweza kupachika chochote popote kama root ni root. Tumekwisha kuliona hilo kwenye mfano wa `/etc`.

FUSE ni njia safi, ila ina kazi yake. Inamwezesha mtumiaji kupachika ndani ya folda yake vitu ambavyo anaweza kuvisoma tayari. Mfano mzuri ni sshfs, ambayo huleta folda ya seva kwenye kompyuta yako:

    sshfs asha@seva:/home/asha/kazi ~/kazi
    fusermount3 -u ~/kazi

Kioja chake ni kwamba hata root wa kompyuta hiyo, kwa mipangilio ya kawaida, hataweza kuingia kwenye folda hiyo. Lakini kwa patisheni ya diski halisi FUSE haisaidii kama huna ruhusa ya kukisoma kifaa chenyewe. Vivyo hivyo kwa nafasi za majina za watumiaji, zile za `unshare`: humo utapachika tmpfs na hata overlay, ila ext4 iliyo kwenye diski halisi kerneli bado itakukatalia.

Diski inapogoma kutoka

`target is busy` maana yake ni kwamba kuna programu iliyoshika kitu ndani ya diski. Mara nyingi ni terminali yako mwenyewe, iliyosimama ndani ya folda hiyo. Toka kwa `cd`. Kama si hiyo, `fuser -vm /mnt/data` itakutajia wahusika. Usikimbilie `umount -l`: inaificha diski isionekane huku programu zikiendelea kuitumia, nawe utaichomoa ukidhani kazi imekwisha. Kwa diski ya nje fuata mpangilio huu:

    udisksctl unmount -b /dev/sdb1
    udisksctl power-off -b /dev/sdb

Angalia kwamba ya pili inataja diski nzima, bila namba ya patisheni. Amri ya kwanza ikichukua muda, iache imalize. Inaandika data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu ya muda, na kwenye flashi ya polepole inaweza kuwa nyingi.

Kompyuta ikikataa kuwaka

Kosa kubwa zaidi katika habari hii yote ni mstari mbaya wa fstab. Mfumo wenye systemd hungoja diski iliyotajwa kwa sekunde 90, isipoiona unaingia katika hali ya dharura, skrini nyeusi, nenosiri la root linaombwa. Liandike, kisha:

    mount -o remount,rw /
    nano /etc/fstab

Weka `#` mwanzoni mwa mstari ulioleta shida, hifadhi, andika `reboot`. Kwenye mifumo ambayo akaunti ya root imefungwa unaweza kuambiwa kwamba hapafunguki; hapo utawasha kompyuta kwa flashi ya usakinishaji, upachike patisheni kuu kutoka humo, na kurekebisha faili hiyohiyo.

Yote haya yanazuiwa na neno moja, `nofail`, linaloiruhusu kompyuta iendelee kuwaka hata diski isipoonekana. Kwa hiyo kabla hujazima kompyuta yako leo, fungua `/etc/fstab` uipitie: kila mstari wa diski ambayo mfumo unaweza kuwaka bila hiyo uwe na `nofail`, na uwe na nakala ya faili hiyo mahali unapoweza kuifikia.